Sababu ya Safari

Karani wa uhamiaji aliinua kalamu.
"Sababu ya safari?"
Nikamwambia, kutazama.
"Kumtazama nani? Mgonjwa yuko wapi?"
Hakuna mgonjwa, mwanangu.
Tunakwenda kutazama tu.
Akamwangalia Somoe, akaniangalia mimi,
kisha akaandika *msiba*,
kwa huruma.

Miaka thelathini na mmoja nimesimama kwenye mizani ya chama cha msingi
nikipima korosho za watu,
gunia, jina, kilo, gunia,
na kila nilipotoka Newala
kulikuwa na maiti mwisho wa barabara.
Kusafiri na sanda tunajua.
Kusafiri na mahari mfukoni tunajua.
Kusafiri na macho peke yake,
hilo bado tunajifunza.

Mpango tumeuandika nyuma ya kalenda ya mwaka jana,
mwandiko wangu, masahihisho ya Somoe.
Tutateremka Masasi, tupite Mangaka,
tuvuke Ruvuma pale Mtambaswala kwa miguu,
maana nimeapa daraja lile sitalipita nimekaa.
Ng'ambo tutafikia kwa Fidea, mpwa wangu,
kijijini, nje kidogo ya Mueda:
chumba kimoja, kitanda cha kamba, jogoo wa kutuamsha.
Hapo ndipo kambi yetu. Asubuhi tunatoka, jioni tunarudi,
kasoro siku ya Ibo,
tunakula ugali wa muhogo ule ule
tunaoukimbia hapa.

Ibo ni yangu mimi.
Nasikia kuna ngome yenye pembe kama nyota
na ndani yake mafundi wanayeyusha fedha,
wanaivuta mpaka iwe uzi.
Nataka kuona mizani yao.
Somoe anasema nimestaafu kazi, ugonjwa wake haujastaafu.

Yeye anataka kuona maji.
Si bahari. Bahari ameiona Mikindani, akasema sawa.
Anataka kuona wenzetu wa uwanda ule,
Wamakonde kama sisi, wenye kiu kama sisi,
maji wanayapandishaje.
Yeye aliyapandisha kwa shingo
kutoka bondeni, usiku wa manane, tangu ana miaka tisa,
mpaka bomba likaja, likakatika, likaja.
"Nitaomba kiti," anasema,
"niyatazame yakipanda yenyewe.
Siku nzima. Wewe nenda na nyota zako."

Usiku tunajifunza Kireno.
Kitabu hatuna, tuna simu na Fidea.
"Bondia," Somoe analisalimia jiko.
Sema tena.
"Bondia."
Namuuliza anamwita nani ulingoni.
Tunacheka mpaka mama Nangumbi anauliza ng'ambo ya ua
kama malipo ya pili yameshaingia.

Kuna jambo halimo kwenye kalenda.
Tukimuuliza Fidea kama kumetulia
anasema kumetulia,
halafu anakaa kimya kidogo,
halafu anasema njooni baada ya mvua.
Ndivyo alivyosema mvua zilizopita.
Pesa zimo ndani ya kopo la maziwa,
Somoe anazihesabu kama vidonge,
na kila mwezi zinatoka mbili tatu,
sare ya mjukuu, bati la jikoni,
kisha zinarudi moja moja, kwa aibu.

Jana alivaa viatu vya safari.
Nikamwambia, tarehe bado.
"Najua. Nakwenda kuvilainisha."
Tukaenda hadi Shimo la Mungu,
mahali ambapo wageni hushuka na kamera
na sisi tumepapita mara elfu
tukiwa na kitu kichwani.
Tukasimama ukingoni, mikono mitupu.
Chini ukungu. Ndani ya ukungu, Ruvuma,
uzi mmoja, sikuweza kusema ni wa fedha au wa vumbi.
Mbele yake uwanda wa kina Fidea,
wa buluu, umenyooka kama meza iliyokwisha kufutwa.
Sikujua mikono niiweke wapi.

Kijana muuza karanga akatukaribia,
akauliza tumepoteza nini.

"Bondia," Somoe akamjibu.